Chumba cha Watu Wanne

Mzee Wepukhulu alikuwa mtu wa kukataa. Ungemletea habari njema, angeikataa kwanza, aizunguke, ainuse, ndipo labda aikubali kesho yake huku akijifanya lilikuwa wazo lake. Kianda nzima, mtaa wao wa Kibera, ilimjua hivyo, kuanzia wenye vibanda vya kule Olympic mpaka watoto waliotumwa kununua makaa kwake. Kwa hiyo Jumapili ile, mkwe wake Kathini alipoingia na simu mkononi akitabasamu na kusema, "Baba, Victor ametupatia safari ya meli," mzee hakuuliza meli gani. Alisema, "Sitaki."

"Hujaambiwa hata ni nini," mkewe Nekoye akamwambia.

"Ndiyo maana nakataa mapema."

Nekoye akacheka mpaka akashika kifua. Hapo mzee akanyamaza, kwa sababu kile kifua ndicho kilichomnyima raha siku hizo. Daktari alikuwa amewaambia kwamba moyo wa mama umepanuka. Asibebe maji, asipande vilima, asiudhiwe. Kuhusu muda uliobaki daktari hakusema kitu, ila alipowasindikiza mlangoni alimshika mzee bega, na mzee akaelewa, maana daktari hashiki mtu bega bure. Hakumwambia Nekoye. Nekoye naye alikuwa ameelewa kabla yake, na hakumwambia. Wakawa wanaishi hivyo katika chumba kimoja, kila mtu akimficha mwenzake kitu ambacho wote wawili walikijua.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Victor, mtoto wao wa pekee, alikuwa anafanya kazi kwenye meli kubwa ya watalii, kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya abiria. Alipoondoka, binti yake Becky alikuwa bado anatambaa. Sasa Becky alikuwa na pengo la meno mbele na alijua kusoma. Kila mkataba ulipoisha Victor aliunganisha mwingine, akisema huu ndio wa mwisho kabisa, haki ya Mungu, na kumbe kuna mwingine nyuma yake. Nekoye hakumlaumu. Alikuwa na ombi moja tu: kumwona mtoto wake kwa macho, amguse, isiwe kwenye kioo cha simu, kabla moyo haujamshinda. Alilisema kila siku. Alilisema akichambua mboga, alilisema kanisani mama wengine wakijibu amina.

Na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, meli ya Victor ilikuwa inapita Mombasa. Ingechukua abiria hapo, iende Zanzibar, iende Madagascar, halafu irudi Mombasa, safari ya wiki moja na kitu. Utaniuliza kwa nini Victor asishuke tu bandarini akamkumbatia mamake. Siku meli inapobadilisha abiria ndiyo siku watu wa vyumba hawapumui. Hao wanatoka, hao wanaingia, na kila shuka lazima libadilishwe katikati. Hashuki mtu. Lakini kampuni ilikuwa na ruhusa moja kwa mfanyakazi aliyekaa miaka: anaweza kubeba familia yake bure. Chumba kimoja, watu wanne, basi.

Kathini aliisimamisha simu mezani, ikaegemea chupa ya chai, na uso wa Victor ukatokea.

"Mathe, niaje!"

"Mwanangu, umekonda," Nekoye akasema, kama alivyosema kila Jumapili.

"Sijakonda. Nyinyi chagueni chumba haraka, vinaisha. Tuko watu mia moja wa idara yetu na kila mtu ana mamake."

Akawatumia ramani ya meli. Lo, ile ramani! Vyumba mgongo kwa mgongo, korido katikati, nambari milangoni, ghorofa juu ya ghorofa. Nekoye aliisoma kwa kidole kama mama anayetafuta nyumba ya kupanga, na maswali yake yalikuwa yale yale ya mpangaji wa Kibera: nani yuko juu yetu, kelele inatoka wapi, maji yanakatika?

"Hiki je, cha hapa mwisho?"

"Hapo ni mbele ya meli, mathe. Bahari ikichafuka hapo utarushwarushwa mpaka uteme nyongo."

"Na hiki?"

"Hicho kiko chini ya jikoni. Wanaburuta masufuria alfajiri."

"Hivi vya katikati havina dirisha?"

"Vya ndani havina. Ni giza tupu, lakini watu hulala vizuri."

"Mimi nimelala miaka yangu yote nikiangalia mabati ya jirani," Nekoye akasema. "Nataka dirisha la bahari."

Victor akacheka. Akawaonyesha kimoja, katikati ya meli, ghorofa ya chini kidogo ambako mtikisiko ni mdogo, karibu na lifti ili mama asipande ngazi. Dirisha lilikuwa la mviringo, kubwa kuliko sinia. Kilikuwa chumba cha familia, na kwa upande ule vilikuwa vimebaki viwili tu. Becky akapiga makofi. Nekoye akasema, "Hicho hicho," na macho yake yakajaa machozi, na hakuyaficha.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo. Alikuwa amekaa kule ndani karibu na kabati, na Kathini alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu, kama walivyokaa siku zote. Kathini alikuwa Mkamba wa Kitui, fundi cherehani wa Kawangware, upande ule unaopakana na Riruta, na hakuhitaji kufundishwa kitu hicho na Waluhya wa kwa mumewe. Hata kwao mkwe ni mkwe. Baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hakai kitandani pake. Hamwoni akiwa na kanga ya kuogea. Siku Becky alipozaliwa, mzee na mkewe walienda Kawangware kumwona mtoto, mvua ikawafungia huko, na Nekoye akalala na mzazi. Mzee alirudi Kianda kwa miguu, mvua ikimpiga, akaugua kifua wiki nzima. Hakuna aliyemwona mjinga. Walimwona ana adabu.

"Hicho chumba," mzee akasema sasa, "kina vitanda vingapi?"

"Kimoja kikubwa cha watu wawili, Baba," Victor akajibu. "Na viwili vimekunjwa ukutani. Jioni mimi mwenyewe nakuja kuvishusha."

"Vinashuka vikae wapi?"

"Vinaning'inia juu ya hicho kikubwa."

"Nani analala juu?"

"Kathini na Becky. Si ndio wepesi?"

Kathini akainamisha kichwa. Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Na choo?"

"Ndani kwa ndani, mzee! Choo, bafu, kila kitu. Hutoki nje."

Jameni. Mzee Wepukhulu alifumba macho kama mtu aliyepigwa. Mke wa mwanangu alale juu ya kichwa changu? Aende kuoga, mimi nimelala hapa nikisikia maji? Nami niende chooni usiku, yeye asikie? Aliyasema yote kwa Kibukusu, Kiluhya cha kwao, haraka, na Nekoye hakuyatafsiri, lakini Kathini alielewa kila neno bila kuijua lugha.

"Tutaweka pazia," Nekoye akasema.

"Pazia linazuia macho. Halizuii masikio."

"Kibera hapa watu wangapi wanalala na wakwe nyuma ya pazia?"

"Wao ni wao."

Victor alijaribu. Haki alijaribu. Aliomba vyumba viwili vyenye mlango katikati, akaambiwa ruhusa ni ya chumba kimoja, na cha pili kinalipiwa kama mtalii. Mzee akauliza kama anaweza kulala na wafanyakazi kule chini. Ikakataliwa. Akasema alikuwa mlinzi ujana wake, anaweza kukaa kwenye kiti cha korido mpaka asubuhi bila kusinzia. Victor akacheka, halafu akaona babake hachezi, akaacha kucheka. Ikakataliwa pia. Meli haina pa kulala mtu nje ya kitanda chake, hata kama ana adabu namna gani.

Kathini alikuja kesho yake akiwa peke yake. Alisimama nje ya mlango na hakuingia, kwa kuwa mama alikuwa ameenda kliniki na mzee yuko peke yake ndani. Akasema akiangalia ardhi, "Baba, mimi nitabaki. Nyinyi muende na Becky."

Mzee alimwangalia yule msichana kupitia uwazi wa mlango. Vidole vyake vilikuwa vimetobolewatobolewa na sindano. Miaka yote hiyo mumewe yuko baharini hakuna siku ambayo mzee alisikia neno baya juu yake, na Kawangware watu wana midomo. Angeweza kusema, sawa, asante. Kila mtu angeona ni haki, mzee kwanza. Lakini alijua mambo mawili. La kwanza, msichana huyu alimtamani mumewe mpaka akakonda. La pili, Nekoye angehitaji mtu wa kumwogesha na kumpimia dawa na kumwinua kifua kikibana, na mikono yake mwenyewe ilikuwa ya makaa, inatetemeka siku hizi.

"Hubaki," akamwambia. "Nenda nyumbani, Mama Becky."

Siku hiyo alipitisha mchana kule Silanga kwenye kibanda chake cha makaa, bila kuuza hata debe. Rafiki yake Mukhwana, muuza mboga, mtu wa kwao Bungoma na mdomo wake hauna breki, alimwambia, "Wewe unapoteza bahati ya kijinga. Kule katikati ya bahari nani wa kwenu atakuona?"

"Nitajiona."

"Basi fumba macho!" Mukhwana akacheka mpaka akakohoa. Alipoona mwenzake hacheki akamwambia, pole pole, "Wepukhulu, mama ni mgonjwa. Nenda."

Na mzee alitaka kwenda. Hilo ndilo watu hawakulijua, kwa sababu alikuwa mtu wa kukataa na hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini. Alitaka kumwona mkewe akimwona mtoto. Alitaka kukaa naye kwenye lile dirisha la mviringo. Tangu waoane walikuwa hawajawahi kwenda mahali popote pamoja ila mazishini. Lakini kila akijiona amelala katika kile chumba, na mke wa mwanawe akigeuka kitandani hapo juu, mwili wake wote ulikataa. Halikuwa jambo la kuamua kwa akili. Alilelewa hivyo, na miaka yake sasa ilikuwa mingi mno kujilea upya.

Jioni Nekoye akamwita, "Baba Victor. Kaa hapa."

Akakaa.

"Mimi bila wewe siendi. Nakwambia mapema. Victor akiniuliza, nitamwambia ni baba yako. Nitakufa bila kumwona na itakuwa ni wewe." Hakuwa na hasira akisema. Alikuwa anapumua kwa shida, akipumzika katikati ya maneno. "Sasa niambie. Unaenda ama huendi?"

Basi mzee akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia katika ndoa yao. Alimdanganya usoni. "Naenda," akasema. "Tutaweka pazia."

Nekoye alimshika mkono akaubusu, mkono ule wenye makaa kwenye kucha. Mzee akaona vibaya sana, lakini akanyamaza. Kathini akaingiza majina yote manne kwenye simu, Victor akabonyeza huko aliko, na chumba kikawa chao. Kuanzia hapo mama alibadilika. Alishonewa magauni mawili na Kathini. Akamsumbua mzee anunue kandambili, asije akavaa zile zake za tairi mbele ya wazungu. Majirani waliambiwa mpaka wakachoka. Chakula kilimpita vizuri, na mzee alipomwona anavyokula, alijiambia uongo wake ni dawa, na dawa haihukumiwi kwa uchungu wake.

Siku ya kusafiri walienda stesheni ya treni ya kwenda Mombasa wote wanne. Mzee alibeba mabegi. Alikaguliwa pamoja nao, akapanga foleni pamoja nao. Alingoja mpaka mabegi yamepita, Becky ameshaanza kumvuta nyanya yake kwa nguo, na watu nyuma wanasukuma. Ndipo akampa Kathini mfuko wa dawa, akarudi nyuma hatua chache, akasimama.

"Mama Victor," akasema, "mimi nabaki."

Nekoye aligeuka. Hakuelewa kwanza. Alimwangalia kandambili zake mpya, halafu uso.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Nenda ukamwone mtoto."

Mama wa watu alisimama pale mdomo wazi. Mzee alikumbuka daktari alivyosema asiudhiwe, akaona kifua chake kinavyopanda na kushuka, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Kathini alianza kulia, akisema, "Baba, si nilisema nibaki mimi! Si nilisema!" Mlinzi akawaambia wasonge. Nekoye akasema, "Wewe ni mtu mbaya, Wepukhulu." Akamgeuzia mgongo, akaenda taratibu na gauni lake jipya, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, na hakuangalia nyuma.

Mzee alirudi Kianda. Nyumba ilikuwa kubwa. Siku mbili hakula kitu cha maana. Maneno yale yalimkaa kichwani: mtu mbaya. Aliomba Mungu asiwe amemuua njiani kwa hasira. Mukhwana alimletea sukuma na ugali, akala matonge mawili kumridhisha.

Simu ililia akiwa Silanga, mchana, nambari ya ajabu. Ilikuwa meli imefika Zanzibar na mama ameshika simu.

"Baba Victor."

"Nipo." Akakaa juu ya gunia.

"Nimemwona."

Maneno yakatoka kama maji. Victor alikuwa amesimama mlangoni mwa meli na sare yake nyeupe, kazi au si kazi, akapiga magoti mbele ya watalii. "Nimemshika kichwa. Ana mvi, Baba Victor! Mtoto wangu ana mvi mbili hapa kando. Nimemwambia azing'oe, amekataa, kichwa kigumu kama chako." Kila jioni anakuja kumtandikia kitanda yeye mwenyewe, anaikunja taulo mpaka inakuwa ndovu mwenye masikio. Na dirisha, je? "Dirisha ni bahari tupu. Naiangalia mpaka naisahau dawa."

"Na chumba?" mzee akauliza. Aliuliza kwa woga. "Mko sawa kwa chumba?"

"Chumba! Usiniulize. Tumebanana humo kama dagaa. Becky anakoroma kuliko mlevi. Kathini ameanika nguo zake za ndani kila mahali, huwezi kugeuka. Kwenda chooni ni foleni. Wewe ungekufa kwa aibu siku ya kwanza." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Ulifanya vizuri kubaki. Nilikasirika bure. Nimekusamehe, sawa? Ukule vizuri."

"Sawa," mzee akasema. "Sawa, mama."

Alipokata simu alilia kidogo hapo juu ya gunia la makaa, kwa furaha, halafu akasimama akaanza kumtafuta Mukhwana. "Umesikia? Amesema mwenyewe! Nguo za ndani zimeanikwa kila mahali! Mimi ningekaa wapi?" Jioni hiyo alinunua nyama. Aliimba akipika. Kila aliyepita alisimuliwa, na mzee alikuwa mtu aliyeshinda kesi.

Nekoye alifariki meli ikiwa inarudi kutoka Madagascar. Victor ndiye aliyepiga. Alisema, "Baba, mama ametuacha," na baada ya hapo ikawa simu iko wazi na wanaume wawili wanalia, mmoja baharini na mmoja Kibera.

Walimleta Mombasa kwa meli hiyo hiyo, na kutoka hapo kwa gari. Victor aliruhusiwa kuja naye. Kwa hiyo mtoto alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, mvi mbili kando ya kichwa, na mamake hakuwepo kumpikia. Watu walijaa Kianda. Walikaa kwenye viti vya kanisa nje ya mlango, wakaimba, wakapanga safari ya Bungoma, wakanywa chai. Mzee alikuwa amekaa kando ya ukuta wa nyumba, chini ya dirisha. Huzuni ilikuwa imemkalia, lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomshika asianguke: kwamba alimpeleka kwa mtoto, kwamba Nekoye alimsamehe, na kwamba alikufa akiwa katikati ya watu wake, mjukuu upande huu, mkwe upande ule, hata pa kugeuka hana. Kila aliyempa pole alimwambia hivyo. "Alikuwa na watu wake."

Mchana wa siku ya pili, ndani ya nyumba, shangazi mmoja wa Nekoye aliyetoka Bungoma alimuuliza Kathini jinsi mama alivyoondoka, maana wamama lazima waulize. Dirisha lilikuwa wazi na mzee alisikia kila kitu.

"Jioni alikuwa mzima," Kathini akasema. "Alikunywa uji. Alinifukuza, akasema nikalale. Asubuhi nikaenda kumbishia mlango, kimya. Nikabisha tena. Nikamwita Victor aje na ufunguo."

Mzee aliinuka. Alikwenda akasimama mlangoni.

"Ulibisha mlango gani?"

Kathini akamwangalia, halafu akashusha macho.

"Mama Becky. Nakuuliza. Mlikuwa chumba kimoja. Ulibisha mlango gani?"

"Hatukuwa chumba kimoja, Baba."

Victor, aliyekuwa nje, alisogea. Kathini alikuwa ameanza kulia lakini alisema yote, maana sasa hakukuwa na namna. Siku ile ile ya kwanza, kabla meli haijaondoka Mombasa, mkubwa wa Victor alimwona mama akihema. Meli haikujaa. Akawapa Kathini na Becky chumba kingine, ng'ambo ya korido, ili mgonjwa apate hewa. Hawakulala na mama hata siku moja.

"Alisema mmebanana," mzee akasema. "Aliniambia kwa simu. Nguo zimeanikwa. Becky anakoroma."

"Nilikuwa nimesimama hapo akisema. Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akasema, 'Nyamaza. Mzee akijua kulikuwa na nafasi hatalala tena maisha yake yote.' Akaniapisha nisikwambie. Nisamehe, Baba."

"Na wewe ukamwacha peke yake?"

"Nilimwomba kila siku nilale naye! Alikataa. Hata Becky alimkataa. Alisema hicho ni chumba chake na cha mzee, na sisi tuna chetu."

Mzee alishika mbao za mlango. Alitaka kuuliza mambo mengi, kama aliita mtu, kama aliumwa, kama taa ilikuwa inawaka, lakini alipofungua mdomo swali lililotoka lilikuwa jingine.

"Mlimkuta amelala wapi?"

"Kwa kile kitanda kikubwa," Victor akasema nyuma yake. "Upande wa ukuta, Baba. Amejibana kabisa ukutani. Kila asubuhi nilikuwa natandika upande mmoja tu, ule mwingine haukuguswa."

Nyumbani Nekoye alilala ukutani tangu waoane, kwa sababu mzee ndiye aliyeamka mapema kwenda kwa makaa. Wamama wa Kianda hawakujua hilo, wala Victor hakulijua, wala Kathini. Mzee Wepukhulu peke yake ndiye aliyelijua. Akaingia ndani, akapita mbele ya mkwe wake na wamama wote, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chao, upande wa nje, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti mbele yao wote.